Ngoma na Magodoro

Mama Pamba, yule fundi magodoro, anapiga ngoma katika bendi ya roki, na asiyetaka kuamini shauri yake. Mchana kutwa anacharaza pamba kuukuu kwa fimbo mbili mpaka ifumuke, jioni anazihamishia fimbo zilezile kwenye ngoma, na mkono wala hausemi umechoka. Gitaa analipiga mdogo wake wa kiume. Mwimbaji ni mke wa huyo mdogo wake, wifi mwenye koo zuri na mdomo mrefu kuliko koo.

Albamu yao ya kwanza ilikuwa roki tupu. Waliirekodi kwenye chumba kitupu nyuma ya karakana, ikatoka inalia kama mabati yanayong'olewa. Watu walicheka, na kicheko kile Mama Pamba hakukisahau. Ilipofika zamu ya albamu ya pili, waliyoitia roki, rumba, rege na hata wimbo wa kwaya, akabeba magodoro yote ya karakana, ya kuuza na ya wateja, akaziba kuta zote nne za chumba kilekile.

Nyimbo za roki zikatoka nzito, safi, kila pigo mahali pake. Mama Pamba akatembea kifua mbele. Ikaja rumba, wimbo aliomtungia marehemu mama yake, aliyemfundisha ufundi.

Fundi wa sauti aliyekuwa akiwarekodi akakuna kidevu. "Dada, huu tuuache nje ya albamu. Umekufa."

"Umekufa? Kauua nani?"

"Si wewe, wifi!" mwimbaji akadakia. "Umenifunika gubigubi, naimba kama nina mto mdomoni!"

"Koo likikukauka, usiisingizie pamba yangu."

"Njoo usikilize basi, kama hujaziba na masikio."

Akasikiliza. Kweli, sauti ilitoka ikaanguka palepale miguuni. Wimbo wa mama yake, nao hauna uhai! Mdogo wake akanyanyuka kushika godoro.

"Acha hapo! Nimeweka mimi, nitaondoa mimi."

Akaufungua ukuta mmoja, wakajaribu. Bado. Akaufungua wa pili. Wifi akaimba, akanyamaza, na chumba kikamwitikia taratibu. Fundi wa sauti akatikisa kichwa kukubali, anatabasamu.

"Huu unabaki, dada."

"Ulitaka uende wapi?"

Toka hapo kila wimbo akaupimia magodoro yake: roki chumba kizima, rege nusu, kwaya hata mto haukubaki. Wakati wa kuandika majina na ala za kila mmoja kwenye jalada la albamu, fundi wa sauti akamwandikia ngoma.

"Na magodoro," akasema Mama Pamba.

Jamaa akacheka. Yeye hakucheka.

"Dada, magodoro si ala."

"Basi kazibe chumba wewe, mrekodi upya zote."

Wifi, kwa mara ya kwanza, akawa upande wake: "Andika, kaka, tutalala hapa."

Yakaandikwa.