Delhi na Chennai si Thika na Ruiru

Aibu hii bado inaniuma. Kanisa letu la Ngoingwa lilinituma nimkatie Mzee Kamau tiketi ya kwenda kutibiwa figo Chennai, kule India. Mimi ndiye katibu, na ndiye mjuaji wa kila kitu. Nikakata ya Delhi.

"Ni India hiyo hiyo," nikamwambia mkewe. "Ni kama Thika na Ruiru tu. Mkishuka, chukueni teksi."

Jana mkewe alipiga simu tukiwa kwenye maombi. Nikaweka spika ili wote wasikie wamefika salama.

"Katibu, dereva anasema ni siku mbili kwa barabara, ama karibu masaa matatu kwa ndege ingine. Mzee amelala hapa sakafuni. Anauliza, wewe ulipokuja ulipitia wapi?"

Kanisa lote likanigeukia. Sijawahi kupanda ndege.