Mpunga Ulioolewa Ng'ambo

Nilikuja kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu, kukaa wiki moja. Begi langu lilikuwa na mashati mawili na kompyuta, na kwenye kompyuta kulikuwa na kichwa cha makala kuhusu jinsi viumbe vinavyobadilika vizazi kwa vizazi. Kichwa tu. Kisha barabara ya kusini ikafungwa kwa vita, tropa, yaani askari wa serikali, wakakataza watu kuvuka nyumba za mwisho za bairro, mtaa wetu, na mimi, msomi wa mabadiliko, nikabaki uani na mashati yaleyale mpaka kola zikapauka.

Kifungo cha mama mkubwa kilikuwa kibaya kuliko changu. Shamba lake la mpunga liko bondeni, kwenye njia ya Namoto, kuelekea mpakani, pale maji ya bahari yanapopanda mtoni na kuacha chumvi kwenye tope. Mpunga wa kawaida ukipandwa pale huungua ncha, huwa njano, hufa. Wake hautetereki. Alipewa mbegu na mama yake siku alipoolewa, na mama yake aliipata vivyo hivyo. Tangu watu wakatazwe kutoka, mbegu ilikuwa fungu moja la masuke lililoning'inia juu ya jiko, likipigwa moshi wadudu wasilisogelee. Msimu mmoja wa mvua ulishapita bila kupandwa. Sasa mawingu yalikuwa yanarudi.

"Mpunga huu umejifunza chumvi," aliniambia akiligeuza lile fungu.

"Haukujifunza, mama. Miche isiyoweza chumvi ilikufa, ikabaki inayoweza, nanyi mkachukua mbegu kwa hiyo iliyobaki. Mwaka baada ya mwaka, mpaka mbegu yote ikawa ya namna hiyo."

"Walikulipia universidade uje kuniambia waliokufa wamekufa?"

Nilitaka kumwonyesha kwamba ada ile haikupotea. Nikaomba punje chache, nikazilaza kwenye kitambaa kibichi ndani ya kisosi. Zilizochipua hazikufika nusu. Mbegu ya mpunga haikai milele katika joto letu hili. Ikikosa shamba msimu huu, mwakani tungekuwa na fungu la makapi. Nilipomwambia, mama mkubwa hakunitania. Alikaa kwenye kigoda, akakitazama kile kisosi kana kwamba kuna mgonjwa ndani yake.

"Tupande hapa uani," nikasema. "Tuchimbe kidogo, tumwagilie maji ya kisima."

"Maji ya kisima ni matamu."

"Si ndiyo vizuri? Yote itaota, hata ile dhai..."

Hapo nikaona nilichokuwa nikisema. Pasipo chumvi, miche dhaifu na yenye nguvu ingezaa pamoja, na misimu ikipita tungebaki na mpunga kama wa mtu yeyote. Nilikuwa nimejifungia mlango kwa mhadhara wangu mwenyewe.

"Basi mpelekee mtu ng'ambo ya mto Rovuma," nikajaribu tena. "Huko nako kuna tope la chumvi, na hakuna anayewazuia kulima."

Hapo ndipo nilipofundishwa desturi ambayo wanaume hatukuwahi kuelezwa. Mbegu ile haiuzwi, haiombwi, haitumwi. Hutoka nyumbani na bibi harusi tu, imefungwa kwenye pindo la kanga yake. Mimea mingine ina mbawa, mingine ina miiba ya kunasa manyoya ya wanyama, mingine husafiri tumboni mwa ndege. Huu wetu ulikuwa umechagua kuolewa. Na mama mkubwa, mjane wa siku nyingi, hakuzaa binti.

Ng'ambo kulikuwa na mgane mmoja, mkulima, ambaye kwa miaka alikuwa akileta posa na kurudishwa. Kosa lake, kwa maneno ya mama mkubwa, ni kwamba anaongea hata akitafuna. Wiki ile alimpigia simu.

"Mama, unaolewa kwa ajili ya mpunga?"

"Wewe ulioa kwa mapenzi. Mkeo yuko wapi?"

Nikaenda kuchota maji.

Mahari aliyotaka ilikuwa kipande cha tope kinachofikiwa na bamvua, maji makuu ya bahari. Mzee, nasikia, aliongea sana, kisha akakubali. Ndoa ilifungwa uani. Mpwa wa bwana harusi, anayeishi huku, alimwakilisha mjomba wake. Nilimwomba bibi harusi aniachie japo suke moja. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe amekuoa nani?"

Akaondoka na msafara wa magari unaosindikizwa na askari mpaka mpakani. Magari hayo ndiyo pekee yanayopita, na hayaruhusiwi kusimama njiani. Alinipigia akiwa Namoto, akisubiri mtumbwi. "Nimeliona shamba langu dirishani," alisema. "Limeota manyasi kama kichwa chako." 

Mimi ndiye niliyebaki kulinda nyumba, maana nyumba tupu siku hizi haikai tupu. Mvua zilipokolea akapiga tena. Alikuwa amepanda yote, hakubakiza punje.

"Mingi imelala," alisema. "Lakini iliyosimama, baba, imesimama kweli. Maji ya bahari yameingia na kutoka, haijageuka rangi."

"Na bwana?"

"Anaongea. Nimeanza kutomsikia."

Kama mwalimu ningemsahihisha: huko ni kuzoea tu, na mazoea ya mtu mmoja hayaingii kwenye mbegu.  Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika simu jikoni, nikipuliza moto chini ya ndoano ya lile fungu, sasa isiyo na kitu, kama nilivyofanya kila asubuhi tangu aondoke. Barabara bado imefungwa. Siku hizi napitisha siku nzima bila kuuliza itafunguliwa lini.