Waya Aliouona Ndugu Yangu

Mtu akifa, watu husema mabaya yake yafukiwe naye. Sawa. Lakini mabaya ya ndugu yangu yalikuwa ya kusingiziwa, na aliyemsingizia alikuwa anakuja matangani kwetu Mbotela kunywa chai yetu. Nilimngoja kwa hamu, tena hamu mbaya.

Ndugu yangu, kitinda mimba wetu, alikuwa ameandikwa na kampuni ya kunyunyizia nzige dawa kutoka angani. Yeye alikuwa mtu wa chini. Kabla helikopta haijaruka, alizunguka shamba na pikipiki akitafuta miti mirefu na nyaya za stima, halafu akamwambia rubani. Helikopta ya dawa hupita chini kabisa, karibu kugusa mahindi. Waya mmoja tu unatosha kuua.

Asubuhi ile alinipigia simu nikifungua mzigo wangu wa mitumba.

"Sista, leo napaa!" Alikuwa anacheka. "Nimemwambia mdosi wetu wa kampuni kuna waya umekatiza shamba, tungoje jua lipande kwanza, saa hii linatupiga machoni. Amesema ati kama naogopa waya sana, nipande mwenyewe nimwonyeshe rubani."

Nikamwambia avae koti. Aki ya Mungu, hayo ndiyo niliyokuwa nayo ya kumwambia. Sikuwa nimeuza hata shati moja nilipopigiwa kwamba helikopta imegonga waya ikaanguka, naye amekufa. Rubani alitolewa na mguu umevunjika.

Jioni mdosi akasema redioni kwamba kijana wa chini alisahau kuwaonya kuhusu waya. Mama alisikia akiwa jikoni. Tangu hapo hakuinua uso mbele ya watu. Nilimwambia ukweli wa ile simu, akaniona namtetea ndugu yangu tu. Akina mama wa kanisa wakija kuomba, anawaambia, "Alikuwa msahaulifu tangu utotoni," kama anayemwombea maiti msamaha.

Wacha nikwambie, hapo ndipo nilipoapa. Sikutaka pole ya yule mtu. Nilitaka aseme kwa mdomo ule ule, Mama akisikia, kabla hatujazika.

Kwetu matangani kila mgeni hupewa kipaza sauti ajitambulishe, aseme alivyomjua marehemu. Kazi ya kukizungusha niliichukua mimi. Mdosi alipofika nikamkalisha benchi la katikati, mafundi wa mtaa, marafiki wa marehemu, wamembana kulia na kushoto. Rubani alikuwa mbele yake na magongo yake. Nikatabasamu kama bibi harusi, nikampa kipaza sauti.

Akasema kijana alikuwa mchapa kazi, lakini binadamu husahau.

"Nani alimwambia apande?" nikauliza.

"Dada, hapa si mahali pake."

"Ni hapa hapa! Nani alimwambia apande?"

Shangazi akanivuta leso. Nikaung'oa mkono wake. Mdosi akatafuta njia ya kutoka, na hakuna fundi aliyesogeza goti. Nikamgeukia rubani. Alimtazama Mama.

"Waya aliuona," akasema. "Alituambia sisi wawili. Hata pale juu alipiga kelele, mimi jua lilikuwa limenifunga macho."

Nilikuwa na hasira, na nisidanganye, na raha pia. Mdosi akaangalia viatu vyake.

"Alituambia," akanong'ona. "Nikamwambia apande."

Mama akainuka. Nilidhani anakwenda kumshika mkono amsamehe, maana ndivyo alivyo. Akasimama mbele yake, uso juu, akakisogeza kile kipaza sauti mpaka mdomoni mwa yule mtu.

"Rudia," akasema. "Wa nyuma hawajasikia."