Kadi ya Eck Lorimer

Nilimkuta Eck Lorimer kwenye beseni la bati, mbele ya moto wa jikoni kwa mama yake, akijisugua vumbi la makaa ya mawe. Mgongo hakuugusa, wachimbaji wa Lanarkshire, kwetu Scotland, huamini kuuosha ni kuulegeza. Mwaka ulikuwa 1926, mgomo wa migodi umevunjika juzijuzi, na kabatini hamkuwa na shayiri hata ya uji. Siku hiyo niliichagua makusudi. Mwenye njaa habishani sana.

"Vaa shati, wee!" mama yake alifoka. "Mgeni hakuja kununua mbavu."

"Hizohizo ndizo anazonunua, mama."

Mimi nilianza na mkokoteni wa vyuma chakavu, nikafika kuwa mkurugenzi wa klabu ya soka ya Thornmuir Thistle. Eck alitia saini, akatuchezea winga ya kushoto misimu sita. Mabeki walimchukia, na hiyo ndiyo sifa.

Kiangazi cha 1932 nusu ya mji haikuwa na kazi, uwanja ukawa mtupu, tukapunguza mishahara. Eck akakataa kusaini upya. Kanuni zilikuwa upande wetu: kadi yake ya usajili ilibaki kwetu, mshahara hatumlipi, na klabu nyingine ya ligi haimgusi bila idhini yetu. Klabu moja ya England ikamtaka. Nikataja mara mbili ya walichotoa, nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonitajirisha.

Septemba Eck alinifuata kwenye yadi yangu ya vyuma chakavu.

"Mzee Gault, niachie. Nina miaka ishirini na tisa. Miguu haingojei."

"Waingereza watapanda bei tu. Vumilia."

"Wanangu wale uvumilivu wako kwa chumvi?"

"Basi saini."

"Kwa mshahara ule? Bora nirudi shimoni, mzee. Kule angalau wananiibia nikiwa nimeshapiga magoti."

Akarudi. Tabaka la makaa kule lina kimo cha meza. Mtu huchimba kutwa amepiga magoti majini. Nililijua hilo. Sikulipigia hesabu.

Februari Waingereza wakakubali bei yangu. Tulikwenda kwa treni, Eck na suti yake ya harusi. Daktari wao akamminya magoti, akamwambia achuchumae na kuinuka. Eck akafanya, anatabasamu, jasho linamtiririka.

"Tena," daktari akasema.

Mara ya pili hakuinuka. Nilimshika mkono mimi.

Waingereza wakajitoa. Stesheni nikampa kadi yake, bure. "Sasa uko huru."

Akaigeuza huku na huku. "Umenirudishia ganda la yai, mzee. Na kiini hukula hata wewe."

Kweli. Klabu haikupata hata peni, na bila winga tulishuka daraja msimu uleule. Eck sasa yuko juu ya mgodi, anachambua mawe kwenye makaa pamoja na wazee na wasichana, kwa nusu ya ujira wa mchimbaji. Mimi kiti cha ukurugenzi ninacho bado.