Fungu la Rael Katika Nchi ya Ahadi

Rael hakusoma, lakini Biblia aliijua kwa masikio. Kwa miaka sita aliisikiliza kwenye simu huku akipiga pasi kanzu za watu wa The Pearl, kisiwa cha Doha ambacho wenyewe walijimwagia mchanga baharini wakapata nchi bila kuahidiwa na yeyote. Yeye alikuwa na ahadi tu: ekari tatu kule kwao Nandi, ambazo marehemu mumewe alimtajia mbele ya wazee, na shemeji yake Philip akaapa kumtunzia.

Alizitunza kweli. Alizilima, akazizungushia seng'enge, akamwachia Rael kaburi la mumewe.

Ijumaa moja ya mwaka 2014, siku ya ibada kwa kila mtu Doha, awe wa msikiti au wa kanisa, kikundi chake cha maombi kilikutana chumbani kwa mwenzao Charity, mtaa wa Al Mansoura. Aliyefundisha ni Douglas, muuguzi, mtu wa kijiji kimoja na Philip. Alieleza jinsi Mungu alivyotimiza ahadi ya nchi hatua kwa hatua. Ibrahimu aliahidiwa nchi nzima, akafa na shamba moja lenye pango, alilolinunua amzike mkewe. Ikapita miaka mia kadhaa hadi Yoshua akaigawa nchi kwa kura, na hata hapo Wayebusi walikalia Yerusalemu mpaka siku za Daudi. Sulemani ndiye aliyekuja kutawala hadi mto Frati. Kwa hiyo, alisema akimtazama Rael kwa upole mwingi, mcha Mungu hana haraka.

Rael alifurahi kusikia kwamba yeye na Ibrahimu walianzia mahali pamoja, kaburini.

Baada ya chai Douglas alitoa karatasi mfukoni. Shemeji aliomba alama ya kidole tu, ili shamba lisije likagombaniwa. Kijikopo cha wino alikuja nacho. Mtu wa imani hujiandaa.

"Charity, nisomee," Rael akasema.

Charity akasoma kwa sauti. Mjane ameridhia kwa hiari yake shamba lote liandikwe jina la Philip. Kila mtu akatazama kikombe chake.

"Mwalimu, umewaruka mabinti wa Selofehadi," Rael akasema.

"Hao hawakuwa kwenye somo la leo, Mama Jebet," Douglas akamjibu.

"Wasichana watano, baba kafa, ndugu wa kiume hawana. Musa aliwaahidi fungu jangwani. Nchi ilipogawanywa ilibidi waende wenyewe wakasimame mbele ya Yoshua, wamkumbushe. Ndipo wakapewa. Ahadi ilikuwa ya Mungu, Mwalimu, lakini miguu ilikuwa yao."

Douglas akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ni mjumbe tu.

"Basi peleka ujumbe. Likizo yangu ni Agosti. Karatasi hii naipeleka mwenyewe kwa chifu, na wazee wawili waliomsikia marehemu bado wako hai."

Akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Kijikopo cha wino nacho akakichukua. Huko kwa chifu, alisema, huenda kikatakiwa kidole cha Philip.