Mguu wa Datius

Adventina Kagaruki alipopigiwa simu arudi kazini, cha kwanza alichouliza ni nani mwingine ameitwa.

"Wewe njoo Jumatatu," alijibu Byarugaba, mwenye ghala la kahawa. "Mengine tutaongea ukifika."

Byarugaba huyo huyo ndiye aliyekuwa amewasimamisha wanawake wote wa kuchambua buni katika ghala lake mjini Bukoba. Dizeli ilikuwa imepanda, wanunuzi wa nje walikuwa wamenyamaza, na magunia yalikuwa yamelala. Adventina hakumlaumu. Alirudi kwenye chumba chake cha kupanga mtaa wa Bilele, akawa anauza dagaa mlangoni. Mguu wake wa kushoto ulipooza kwa polio akiwa mtoto huko Maruku, na tangu hapo alitembea kwa gongo. Sasa akajiuliza: kati ya wanawake wote wale wenye miguu yao mizima, kwa nini aanze kuitwa yeye?

Jumatatu alipata jibu, lakini halikumtuliza. Serikali ilikuwa imetangaza ruzuku: mwajiri atakayemweka kazini mtu mwenye ulemavu katika kipindi hiki kigumu, atalipiwa nusu ya mshahara wa mtu huyo.

"Kwa hiyo umeuita mguu wangu, hukuniita mimi," Adventina alisema.

Byarugaba akacheka kidogo. "Nimeita vyote, mama. Mikono yako naijua."

Hakumwamini. Aliwahi kupigwa picha na watu wa shirika fulani akikabidhiwa baiskeli ya magurudumu matatu. Picha zilipokwisha, baiskeli ilipakiwa kwenye gari ikaenda kukabidhiwa mtu mwingine kijiji cha pili. Tangu siku ile, wema wowote uliokuja na karatasi za kusaini aliutazama chini na juu.

Wanawake wachache waliorudishwa baadaye nao hawakumpokea vizuri. Georgina, waliyekaa naye meza moja miaka mingi, alisema kwa sauti ya kusikika, "Siku hizi ukitaka kazi, uvunjike kwanza." Wenzake wakacheka. Adventina akainamisha kichwa, akaendelea kutenga buni mbovu na nzima.

Ndipo akaja Datius.

Alikuwa kijana wa Kamachumu, upande wa Muleba, mrefu, mwenye mabega mapana. Aliajiriwa kwa ruzuku ileile, akawekwa kushona midomo ya magunia, naye alikuwa akichechemea. Wengine walimwonea huruma wakamsogezea kiti. Adventina alimtazama jinsi fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake. Mtu anayechechemea kweli huuhurumia mguu mmoja. Datius asubuhi aliuhurumia wa kulia, na baada ya chakula akauhurumia wa kushoto.

Siku moja mvua iliteremka ghafla, buni zikiwa zimeanikwa uani. Watu wote walitimua mbio kwenda kufunika. Adventina, asiyeweza kukimbia, alibaki mlangoni akiona kila kitu. Datius aliruka mtaro, akashika turubai, akalivuta hadi upande wa pili kwa miguu miwili yenye nguvu kabisa. Kisha akakumbuka, akaanza kuchechemea.

Kuanzia hapo Adventina hakuwa na amani. Aliona jinsi Byarugaba asivyomruhusu kijana huyo kupanda juu ya rundo la magunia. Aliona wakinong'ona nyuma ya stoo. Akaunganisha mwenyewe: huyu ni ndugu yake, wamepanga kula ruzuku pamoja. Siku mambo yakifumuka, nani atasadiki kwamba mguu wangu mimi ni wa kweli?

Afisa wa serikali alipokuja kukagua ruzuku, mama mmoja mpole aliyeitwa Alistidia, alizungumza na wafanyakazi wakiwa wamekusanyika. Alipofika kwa Datius, Adventina alisimama.

"Waitu, ndugu zangu, samahani. Huyu ni mzima. Mwambieni akimbie mwone."

Vichwa vyote vikamgeukia Datius.

"Adventina, kaa chini," alisema Byarugaba.

"Sikai. Sisi tunachekwa hapa kila siku kwa ajili ya watu kama huyu."

Afisa akainua mkono. "Mama, ugonjwa wa mtu hauulizwi hadharani. Mimi ninajua alichoandikiwa na daktari, inatosha."

Lakini Datius alikuwa ameshaweka sindano ya magunia chini. Alitembea moja kwa moja, bila kuchechemea, mpaka mbele ya Adventina.

"Nina kifafa," alisema. "Mguu niliutunga mwenyewe. Nyumbani kijijini nilikuwa na kikombe changu peke yangu, na sahani yangu peke yangu. Nikasema, hapa mjini wakidhani ni mguu, nitakula na watu. Umeridhika?"

Wakati wa chakula, Georgina aliuhamisha mtungi wa maji, akauweka mbali. Datius aliona. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Adventina alimfuata Byarugaba ofisini. "Kwa nini hukuniambia?"

"Siri ilikuwa yake. Aliniomba."

"Na kama ruzuku isingekuwepo, ungemchukua?"

Byarugaba akafikiri. "Nisingemchukua. Na wewe nisingekuita mapema vile. Sikudanganyi."

Angalau kwa hilo alimwamini.

Jumapili, baada ya misa, Adventina alisafiri hadi Kamachumu. Alimkuta Datius akipalilia kibanja cha migomba. Agnetha, mama yake, alimkaribisha mgeni kwa kahawa ya kutafuna, lakini Datius hakuacha jembe.

"Byarugaba amekutuma? Ruzuku yake imepungua?"

"Nimejileta."

"Umekuja kuona kama kweli naanguka?"

Swali hilo lilimchoma, kwa sababu wiki moja tu nyuma angeweza kuja kwa ajili hiyo hasa. "Nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Nilikufanyia kile ninachofanyiwa mimi."

"Wanasemaje huko?"

Angeweza kumpamba kwa uongo, lakini hakutaka. "Georgina amekitupa kikombe chako."

"Na wewe?"

"Nilimgombeza, hakunisikia. Nataka unifundishe ukianguka nifanye nini."

Datius alimtazama usoni, akitafuta mtego uko wapi. Hatimaye alisema kwa mkato, kama anayemfukuza mtu: amlaze ubavu, asimshike kwa nguvu, asimtie kitu chochote mdomoni, aondoe vitu vigumu vilivyo karibu, asubiri. Kuhusu kurudi kazini hakuahidi neno.

Datius alirudi kazini siku tatu baadaye. Alitembea wima, akaketi mwisho wa benchi, akala peke yake. Adventina alihamisha sahani yake akakaa karibu naye. Datius alipoanguka kweli, wiki chache baadaye, watu walirudi nyuma na mmoja akaja mbio na kijiko. Adventina alilitupa gongo, akajishusha sakafuni, akamgeuza ubavu huku akifoka, "Ondoa hicho kijiko! Mwacheni apumue!" Georgina alisimama mbali, lakini hatimaye alivua kitenge chake akakirusha kiwekwe chini ya kichwa cha kijana.

Msimu wa mavuno ulipoanza, kazi ilijaa tena, na Byarugaba akawabakiza wote wawili. Adventina alishukuru, ingawa hakuacha kujiuliza itakuwaje ruzuku ikikoma. Datius hajawahi kutamka kwamba amemsamehe. Humsalimia, humshonea mkoba wake ukichanika, basi.

Juzi ameletwa mfanyakazi mpya, Kahigi, mwenye miwani myeusi, ambaye inasemekana jicho moja halioni na la pili linafifia.

"Huyu naye sijui kama haoni kweli," Georgina alinong'ona.

"Muulize mwenyewe, au uchambue buni," Adventina alijibu.

Hata hivyo Kahigi alipopita kati ya magunia, bila kugusa hata moja, Adventina alijikuta amesimamisha mikono yake, anamtazama. Datius, kutoka upande wa pili wa meza, alikuwa akimtazama yeye Adventina.