Mama Pasi Alisimama

"Hivi Mama Pasi, nani hasa anayeamua kwamba wewe ni mlemavu? Daktari, serikali, au huo mgongo wako?"

Jirani yake, muuza mkaa mwenye mdomo usio na breki, alimuuliza hivyo mlangoni, huku akimtazama akinyoosha shati la mteja, amekaa kwenye kiti chenye mito miwili.

"Mgongo wangu ungekuwa na muhuri, shoga yangu, ningeshapata hiyo ruzuku zamani," akajibu Mama Pasi, na wote wawili wakacheka.

Jina hilo alipewa na wateja. Alikuwa dobi tangu ujana wake, na kola ikitoka mikononi mwake ilisimama kama askari wa zamu. Halafu siku moja, akiwa amebeba beseni la mablanketi yaliyoloa, aliteleza kwenye povu la sabuni karibu na bomba, akaangukia kiuno. Pingili za mgongo zikabana mishipa ya fahamu. Tangu hapo miguu yake ina mambo yake. Humkubalia hatua chache, kisha ganzi hushuka kutoka kiunoni, magoti yanalegea, na mama wa watu anakwenda chini kama shuka lililochomoka kambani. Ukimkuta amekaa, humdhanii kabisa kuwa ana tatizo.

Kazi nzito ikamwangukia binti yake wa pekee, aliyekuwa akisomea uuguzi. Alikuwa anafua alfajiri, anafika chuoni amechelewa, vidole vimekauka kwa sabuni. Mkuu wa chuo alishamwambia akichelewa tena atafute pengine pa kusomea. Ruzuku ya serikali kwa wenye ulemavu ingetoka, wangeweka mtu wa kufua. Isipotoka, binti angeacha chuo. Alishalisema hilo bila kupepesa macho, na tangu siku hiyo Mama Pasi kila akisali hajui amwombe Mungu nini kwanza.

Siku ya kwenda mbele ya kamati ya ruzuku, binti alimshika mkono hadi kwenye korido, akamnong'oneza, "Mama, nakuomba. Leo usijikaze kisabuni. Ukiumia, sema unaumia. Na usisimame, hata akiingia nani."

"Kwani mimi mtoto?"

"Mtoto angenisikia."

Ndani kulikuwa na feni inayolalamika na meza ndefu. Nyuma ya meza alikaa mwenyekiti, bwana mwenye miwani iliyoning'inia puani, na pembeni yake dada wa ustawi wa jamii. Mama Pasi alioneshwa kiti, akakaa vizuri, binti nyuma yake. Mambo yakaanza kwa upole. Anaishi wapi, anafanya kazi gani, nani anamsaidia. Moyo ukaanza kumtulia.

Mlango ukafunguliwa, akaingia daktari. Mzee, mvi kichwa kizima, umri wa baba yake mzazi.

Kabla akili haijasema lolote, malezi yalishaanza kumnyanyua. Binti akamkandamiza bega. Mama Pasi akautoa ule mkono taratibu, akashika kingo za kiti, akasimama wima, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa na bibi yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo, namshukuru Mungu."

Binti akafumba macho. Kalamu ya mwenyekiti ikaanza kutembea.

Alipokaa tena, daktari alimgonga magoti, akamchoma nyayo kwa ncha ya pini, akainua picha ya mgongo kwenye mwanga wa dirisha. "Mishipa imebanwa kweli," akasema.

"Sikatai," mwenyekiti akasema. "Lakini sote tumemwona. Amesimama, amepiga goti, amenyanyuka. Wengine wanaletwa hapa wamebebwa."

"Amesimama kwa heshima tu!" binti akapaza sauti. "Heshima yenyewe ataiugulia kitandani mpaka keshokutwa!"

"Binti, taratibu."

"Daktari, si useme wewe?"

"Mwanangu, mimi napima. Anayeamua ni kamati."

"Kamati inafuata asilimia za ulemavu anazoandika daktari," mwenyekiti akadakia.

"Na mimi siwezi kuandika asilimia kubwa wakati kamati nzima imemwona amesimama."

Dada wa ustawi akakohoa. "Na hata tukikubali, mwisho wanaidhinisha makao makuu."

"Makao makuu watamwona lini?"

"Wale hawaoni watu. Wanaona mafaili."

"Yaani mama yangu anapigwa danadana, na wachezaji wote mmo chumba kimoja!"

Mama Pasi aliisikia ganzi ikishuka, kiuno, paja, goti. Kule kusimama kulikuwa kumeanza kudai chake. Akatazama sakafu. Angejiachia tu, akateleza kutoka kitini mpaka chini, wangeshtuka, wangemwinua, wangemwamini. Binti angerudi chuoni. Ilikuwa rahisi kama kuachia nguo kwenye beseni. Lakini hapo kitini alikuwa bado anaweza kujizuia, na kujiangusha wakati unaweza kujizuia ni uongo, na Mungu naye alikuwa chumbani. Akakishika kiti kwa nguvu mpaka kucha zikauma.

Mwenyekiti akavua miwani, akavuta faili karibu. Hakuwa mtu mkorofi. Alikuwa mtu aliyechoka.

"Mama, kabla sijaandika neno la mwisho. Una ombi lolote?"

Binti akafungua mdomo. Mama Pasi akamgusa mkono kumzuia.

"Ninalo, mwenyekiti. Naomba mmoja wenu, yeyote mnayemwamini, aje kwangu siku ya kufua. Afike mapema, akae mpaka jioni, aniangalie. Chai atapata. Ila nikianguka, asiniinue. Aangalie ninavyonyanyuka mwenyewe. Halafu huyo ndiye aamue."